Mzabibu wa Apo

Koti la kazi la baba lilining'inia nyuma ya mlango wa stoo tangu tulipomzika, na hakuna kati yetu aliyepata moyo wa kulifua. Wiki hii nimelivaa kwa mara ya kwanza. Nilipoingiza mkono mfukoni nikautoa ukiwa na unga wa njano kwenye kucha, na kabla sijaunusa nilishajua ni salfa, dawa ya ukungu wa mizabibu. Aliyekulia kwenye zabibu za Dodoma anaijua harufu hiyo, kali, inayokaa puani hata baada ya kuoga. Mimi nikiisikia namkumbuka baba, na ajabu ni kwamba simkumbuki akiwa hapa Mpunguzi kwenye shamba lake. Namkumbuka akiwa juu ya paa la ghorofa kule Guangzhou, China, amevaa singlendi, anauchunguza mzabibu usiokuwa wake.

Mama ndiye aliyetupeleka huko. Alipata ufadhili wa kusomea udongo, na mimi niliyekuwa nimeanza kung'oka meno nikaenda naye. Baba alibaki na shamba. Alivumilia mwaka mmoja, kisha akamwachia mdogo wake mizabibu na kutufuata, na katika begi lake alileta karanga, picha ya bibi, na mkasi wa kupogolea aliouviringisha ndani ya soksi. Mama alipouona mkasi alicheka mpaka akakaa chini. Alimuuliza anadhani atapogoa nini kwenye mji wa saruji. Baba alijibu kwamba mkasi ukiachwa nyumbani hupata kutu.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya kufunga mizigo. Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Unguja aliyekuwa akija kununua vifaa vya shule na wanasesere kule Yide, mtaa wa maduka ya jumla, alihitaji mtu wa kumwamini na maboksi yake, na baba akawa mtu huyo. Alikaza kamba mpaka boksi likalia. Wenye maduka walimwita laoban, yaani bosi, kama walivyomwita kila mgeni mwenye mfuko, na jambo hilo lilimuudhi kuliko uchovu wenyewe.

"Bosi wa kamba," alimwambia mama jioni, akijisugua viganja.

Bi Zuhura alimtania bila kupumzika. "Wewe Mgogo, mzigo wangu wa kalamu waufunga kama wafunga mbuzi. Hautoroki huo, usihofu." Baba alicheka naye, lakini akifika nyumbani alikuwa kimya. Nilimpenda sana baba yangu, na kimya kile kilinitisha.

Tulipanga chumba ghorofa ya juu kabisa, karibu na chuo. Chini yetu aliishi bibi mmoja ambaye watoto wote wa jengo tulimwita Apo, ndivyo bibi anavyoitwa kwa lugha ya pale, na sikuwahi kujua jina lake lingine. Apo alikuwa na bustani yake juu ya paa: vitunguu vya majani, mchicha, mti wa pilipili, na ndani ya pipa la plastiki lililokatwa nusu, mzabibu. Ulikuwa na shina nene na matawi yaliyotambaa kila upande, lakini kwa maneno yake mwenyewe ulikuwa mvivu. Kila mwaka uliota majani ya kufunika nusu ya paa, na zabibu zake zilioza kabla hazijaiva. Alikuwa anangoja mwanawe aje aung'oe. Mimi niliyekuwa nimeshaokota lugha shuleni ndiye niliyemtafsiria baba maneno hayo, na nikamwona anasimama kama mtu aliyeitwa jina lake njiani.

Alipiga magoti mbele ya lile pipa, akachimba kwa kidole, akautoa udongo na kuufinya. Ulikuwa mweusi, wa kunata, akauviringisha kama ugali na haukukatika.

"Huu umeshiba mno," akasema.

Nikamuuliza kushiba kuna ubaya gani.

"Mzabibu ukishiba maji unaota majani tu, mama. Unajisahau. Ukisikia kiu kidogo ndipo unakumbuka kuzaa." Akajipangusa mkono kwenye suruali. "Muulize bibi kama anaweza kuniachia mimi."

Apo aliniangalia, akamwangalia baba, akapunga mkono kama anayefukuza inzi. Auchukue, maadamu asiguse pilipili.

Kuanzia siku ile baba alirudi kutoka Yide na kitu mkononi. Mji mzima ulikuwa unabomolewa ili ujengwe upya, kwa hiyo matofali yaliyovunjika yalikuwa bure, na mafundi walimpa mchanga. Alitoboa matundu chini ya pipa kwa chuma cha moto, akapanga vipande vya tofali, akachanganya udongo wa Apo na mchanga mpaka ukawa wa kupitisha maji. Mama naye alikuja baada ya vipindi vyake, akavua viatu, akasaidia. Yeye alikuwa na majina ya kisomi ya kila kitu alichokifanya baba, na mara nyingine walibishana kwa furaha kuhusu jambo moja wakitumia maneno mawili tofauti. Mama alisema mizizi inataka hewa. Baba alisema mzabibu hautaki kukaa na miguu kwenye maji. Niliwaona wamefurahi, na nikadhani tumepona.

Dirishani kwetu mama alikuwa na vimfuko vya udongo vya masomo yake, na kimoja kilitoka shambani kwetu. Ulikuwa mwekundu, mkavu, wa kichanga, ukiushika unachuruzika kati ya vidole. Mimi niliamini wekundu ule ndio utamu wenyewe, kwamba zabibu za kwetu ni tamu kwa sababu mizizi yake inalamba udongo ule kama mtoto anavyolamba sukari. Kwa hiyo niliomba kijiko kimoja nikatie kwenye pipa. Mama alinieleza kwamba kijiko hakitabadilisha kitu, kwamba udongo wetu hauna utamu wowote, tena ni maskini, na umaskini huo ndio unaoufaa mzabibu, pamoja na jua la mchana na baridi ya usiku na miezi mirefu bila mvua. Baba akasema, "Mwache atie." Nikatia. Niliukoroga kwa kidole na kungoja.

Vichala vilikuja. Nakumbuka maua yake madogo ya kijani ambayo huwezi kuyaita maua, na punje zikavimba, na baba akawa anapanda paani asubuhi kabla ya kazi. Kisha mvua zikaanza. Mvua ya kwetu Dodoma inakuja kama mgeni wa heshima, inashinda kidogo na kuaga. Ile ya Guangzhou ilihamia. Hewa ilikuwa nzito hata nguo zikanuka kwenye kamba kabla hazijakauka, na viatu vya mama vya kanisani vikaota ukungu kabatini. Baba alitafuta salfa mpaka akaipata, akaipuliza kwenye majani, mvua ikaiosha. Akapuliza tena. Ubwiri, ule ukungu mweupe, ukapanda kwenye vichala kama unga wa ngano, punje zikapasuka kwa kunywa maji mengi, na nzi wakaja. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ina harufu ya salfa na siki, mbele yake beseni la zabibu zilizooza.

"Udongo nimeutengeneza," alisema bila kunitazama. "Mbingu nitaifanyaje?"

Mchana ule, tukiwa tunakula, akamwambia mama kwamba Bi Zuhura anarudi nyumbani mwezi wa tisa na yeye anafikiri ataondoka naye.

Mama aliweka kijiko chini. "Nimebakiza mwaka na nusu, Baba Neema."

"Najua."

"Na Neema?"

"Atakaa na wewe, amalizie shule." Sauti ya baba ilikuwa ndogo. "Mimi hapa nimekuwa kama kile kimzabibu. Nimeota majani tu. Shamba linaliwa na magugu, na mimi nafunga kalamu."

"Sikuzuii," mama akasema. "Nikikuzuia utakaa hapa kama mgonjwa, na mimi sitasoma. Ila usiende kwa sababu ya hasira. Ngoja mvua ipungue kichwani kwako kwanza, ndipo uamue."

Hakuna aliyenieleza chochote baada ya hapo, nadhani walifikiri sikuelewa. Nilianza kumchunguza baba kama askari. Nilitazama begi lake juu ya kabati, viatu vyake, picha ya bibi ukutani. Kila nilipotoka shule nilihesabu vitu hivyo kwa macho kabla sijasalimia.

Siku chache baadaye mama alikuwa anachambua mboga, akasema kama anayezungumza na mboga zenyewe, "Nilikuwa natazama rekodi za mvua pale chuoni. Hapa kiangazi chao ni kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwisho wa mwaka. Jua lipo, usiku baridi, mvua hakuna."

Baba alikuwa ananoa kisu. Akaacha kunoa.

"Mwezi wa kumi," akasema.

"Mpaka Krismasi."

Nami sikuona cha maana katika habari za mvua.

Kilichofuata nilikiona vizuri mno. Katikati ya joto lile, mwezi wa nane, mimea yote ya Apo ikinywa maji asubuhi na jioni, baba aliacha kuunywesha mzabibu. Si hivyo tu. Alichukua turubai la mistari ambalo Bi Zuhura alifungia mizigo, akalizungusha juu ya pipa kuanzia kwenye shina ili hata mvua isiingie, akalikaza kwa kamba ileile ya Yide, na fundo lilelile. Nilijua mizigo inayofungwa hivyo inakwenda wapi. Inakwenda bandarini, kisha nyumbani. Majani yakalegea, yakawa manjano pembeni. Nilimwambia baba mzabibu una kiu, akaniambia, "Ndiyo, una kiu. Tunaulaza." Nikaelewa kuulaza kwa namna moja tu, kwa sababu mbwa wa jirani yetu Mpunguzi aliyeumwa aliwahi kulazwa na bwana mifugo, na hakuamka.

Kisha Jumapili moja, tumetoka kwenye ibada, alipanda paani na mkasi wake. Alivua majani yaliyobaki, moja moja. Akaanza kukata. Matawi marefu yaliyokuwa yamefunika paa yalianguka mapande mapande, na alichobakiza ni shina na vijiti vifupi, kila kijiti na macho mawili tu ya kuchipulia. Mkato wake ulikuwa wa mshazari, aliugeuza mkasi kidogo mwishoni. Apo alipanda na ndoo yake, akaona, akasimama. Alisema maneno mengi, akizungusha kidole kando ya kichwa.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Anasema una wazimu. Anasema hapa watu wanapogoa wakati wa baridi, majani yakishadondoka yenyewe. Anasema umeuua."

Baba akacheka, cheko lake la zamani. "Mwambie kwetu hakuna baridi ya kuudondosha. Sisi ndio baridi yake."

Sikumtafsiria Apo hilo. Niliona baba anacheka akiwa amesimama kwenye lundo la majani, na moyo wangu ukaniambia kwamba mtu anayecheka hivyo ameshaamua. Ameua kitu pekee kilichomshika hapa, ili aondoke bila kugeuka nyuma. Nilimchukia siku ile. Nilishuka nikajifunika shuka, na alipokuja kuniita chakula nikajifanya nimelala.

Wiki iliyofuata Bi Zuhura alikuja kwetu, ameleta halua na habari za safari. Akavua viatu mlangoni, akamsalimu mama, akamgeukia baba.

"Haya Mgogo, lete hiyo pasi yako nikukatie tiketi pamoja na yangu. Nafasi zaisha."

"Nimeshapogoa, Bi Zuhura," baba akasema.

"Umeshapogoa nini? Mimi nasema tiketi, wewe wanambia mambo ya shamba."

Mama alikuwa amesimama kwenye jiko, na alipogeuka nilimwona machozi yanamshuka. Aliyafuta kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye sufuria yake na kukoroga chakula kisichohitaji kukorogwa. Basi nami nikajua imekwisha. Amemaliza alichokuja kufanya, na mama analia. Bi Zuhura aliwatazama wote wawili, akanitazama mimi, akasema, "Watu wa bara nyie, mna siri kama kitunguu," akala halua yake mwenyewe.

Siku ya safari ya Bi Zuhura nilikwenda shule kama kawaida. Niliporudi sikuhesabu vitu, niliogopa. Nilipanda moja kwa moja mpaka paani, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona kile kilichouawa. Baba alikuwepo. Alikuwa ameketi kwenye ile ndoo, anafunga kijitawi kwenye waya kwa utepe wa kitambaa, na kijitawi kile kilikuwa kibichi, laini, kina majani madogo yenye rangi ya waridi pembeni. Turubai halikuwepo tena, na udongo ulikuwa umelowa.

"Shika hapa," akaniambia.

Nikashika. Nililia, naye akadhani nimeumwa na nyuki. Na kwa kuwa hakuna aliyenifafanulia, niliamini kwa muda mrefu kwamba baba alichelewa ndege. Kila nilipoisikia ndege juu ya jengo nilijiuliza kama hii ndiyo ya pili, na kama safari hii atawahi.

Mvua zilikatika kama rekodi za mama zilivyosema. Upepo mkavu ukaja, anga likawa la bluu, na usiku tukaanza kujifunika blanketi. Vichala vilikuwa vichache, vidogo kuliko vile vya mvua, punje zake zenye ngozi nene, nyeusi kabisa, zina vumbi jeupe ukizigusa. Hakuna iliyopasuka. Karibu na Krismasi baba alitupandisha wote paani, na Apo, na Bi Zuhura aliyekuwa amerudi na oda mpya. Nilimsogelea baba ili nikate kichala cha kwanza, akauweka mkasi nyuma ya mgongo.

"Hapana, mama. Aliyepogoa ndiye anayechuma cha kwanza. Kwa babu yako ilikuwa hivyo, na kwangu ni hivyo. Usipogoe mzabibu kama hutakuwepo ukiiva."

Akakata. Akampa Apo kwanza, mwenye mali. Apo alitafuna, akatema mbegu kiganjani, akazitazama, akachukua punje nyingine, na sijawahi kuona mtu akikubali kushindwa kwa raha vile. Bi Zuhura alikula akasema, "Za kula ntakula. Hizo za kukamua mpelekee padri wako." Kwangu mimi hazikuwa zabibu za nyumbani. Zilikuwa tamu, ila na uchachu fulani pembeni, kama wimbo unaoujua ukiimbwa na mtu mwingine. Nilitafuta kile kijiko cha udongo mwekundu na sikukipata.

Tulipokuwa tunashuka ngazi nilimuuliza mama kama baba atawahi ndege ijayo. Alisimama. Ilibidi nirudie swali.

"Ndege gani? Baba yako hakuchelewa ndege yoyote," akasema, na akaketi kwenye ngazi ili tuwe sawa. "Ulipoona yale majani yapo chini ulidhani anaondoka, ee? Mimi nilipoyaona nilijua amebaki. Toka kupogoa mpaka kuchuma ni miezi minne, Neema. Angekuwa anaondoka asingeugusa."

Baba alipogoa tena mzabibu ule, na tena, mpaka mama akamaliza. Mara ya mwisho, tulipokuwa tunafungasha kurudi, alimkabidhi Apo pipa lake bila kuukata mzabibu tawi lolote.

Mwaka huu, mvua za Mpunguzi zilipokwisha na wakati wa kupogoa ukafika, baba alikuwa mgonjwa tayari. Nilimwekea kiti mwanzo wa mstari na kumletea mkasi, ili afungue kazi kwa mzabibu wa kwanza kama kila msimu. Aliufungua, akaufunga, akausikiliza. Kisha akanirudishia.

"Safari hii pogoa wewe, mama. Uache macho mawili."

Safari hii sikuhitaji kufafanuliwa. Nilipogoa shamba zima nikilia, naye kwenye kiti ananikosoa mikato.

Jumapili iliyofuata tulimwacha na jirani tukaenda kanisani. Tuliporudi alikuwa amelala, viatu vina udongo. Pembeni ya jiko kuna mzabibu mmoja mzee ambao mimi niliusahau, na majani yake yote yalikuwa chini. Macho mawili kila kijiti, mkato wa mshazari uliogeuzwa mwishoni. Mama aliitazama mikato ile, kisha akaingia ndani akaanza kupika chakula anachokipenda baba, na mimi nikaanza kutumaini. Tulitumaini wote wawili kama watoto. Alifariki punje zikiwa bado za kijani.

Zabibu za shambani tumezichuma zote. Ule wa jikoni umebaki, vichala vimeiva mpaka ndege wameshavigundua, na kwa kuwa aliyeupogoa hayupo, hakuna aliyethubutu kuugusa. Jana asubuhi mama alikuwa ameketi mbele yake na kikombe cha chai kilichopoa.

"Uchume," akasema. "Hakupenda zabibu zioze."

Nikachukua mkasi. Nilipofika kwenye kichala cha kwanza akaniita.

"Neema. Vaa koti la baba yako kwanza."

Nikaenda stoo nikalivaa, nikarudi, nikakata.